Nyama Iliyolala kwa Mama Zaituna

Enzi zetu, pale Bulengera, nyama ilikuwa inalala na kuamshwa kama mtu wa nyumbani. Wenzangu mliokulia Butembo, kule Kivu, mnanielewa. Nyama iliyobaki jioni iliitwa nyama ya kulala, na kuichemsha tena kesho yake kuliitwa kuiamsha. Sikumbuki mama yangu kusema hata siku moja kwamba nyama ipashwe moto. Kupasha moto kulikuwa kwa maji ya kuoga. Nyama iliamshwa, na hatukusema imeamka mpaka mchuzi utokote pembeni na katikati pia, mvuke ukufukuze uso, na kipande kinene kuliko vyote ukikipasua kwa kijiko ukute kinaunguza ndani sawa na nje. Chini ya hapo ilikuwa imefumbua jicho moja tu, na mama hakukubali nyama ya jicho moja kwenye sahani zetu.

Mimi ni Masika, mtoto wa kwanza, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita mama yangu Mama Masika. Baba alikuwa mwalimu katika shule ya kanisa, mama alilima na kushona. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, jiko likiwa nje kwa nyuma, na asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba uliweza kumsikia jirani akikohoa usimwone. Tulikwenda shule miguu imekufa ganzi kwa baridi, madaftari ndani ya mfuko wa plastiki, moshi wa mkaratusi umeganda kwenye sweta. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alijigamba kwamba anajua kila mtoto amekula nini kwao kwa kunusa tu akipita kati ya madawati. Haikuwa kazi kubwa, maana siku nyingi sote tulinuka maharage.

Nyama ilikuwa na msimu wake. Msimu huo ulikuwa Bonane, sikukuu ya mwaka mpya. Nyumba saba au nane za mtaa ziliungana, zikanunua ng'ombe mmoja, na siku ya kuchinja watoto tulikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliyechinja alikuwa Baba Zaituna, jirani yetu Mwislamu mwenye lori la kubeba mizigo kati ya Butembo na mpakani. Sisi tulikuwa Waprotestanti, na hakuna aliyeona ajabu. Akichinja yeye, kila mtu wa mtaa anaweza kula, na ndivyo ilivyokuwa toka kabla sijazaliwa. Nyama iligawanywa juu ya majani ya migomba, fungu kwa fungu, na wamama walisimama na mabeseni wakikosoana kwa utani kuhusu nani amepewa mifupa mingi. Kicheko cha mkewe, Mama Zaituna, kilisikika hadi barabarani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, na kila alipomkuta mama yangu alimshika mkono asimwachie mpaka mazungumzo yaishe.

Baada ya karamu ndipo kazi ilipoanza. Nyama ilikuwa nyingi kuliko matumbo yetu, na sisi hatukuwa na umeme. Mama aliipika yote siku hiyo hiyo. Sehemu ilibaki katika sufuria kubwa na kuamshwa asubuhi na jioni, siku tatu, isizidi. Ikiisha kuchemka, kifuniko hakiguswi. Mtoto aliyefunua ili adokoe alikuwa ameharibu kila kitu, na mama alijua tu, sijui kwa vipi. Sehemu nyingine ilipelekwa kulala kwa Mama Zaituna, kwa sababu Mama Zaituna alikuwa na kongelatere.

Ilikuwa ya kwanza katika mtaa wetu. Baba Zaituna aliileta kutoka upande wa Uganda juu ya magunia ya sukari, nyeupe, ndefu kama sanduku la nguo za harusi, yenye mfuniko unaofunguka juu. Ilikula umeme wa grupu, ile jenereta iliyonguruma nyuma ya nyumba yao kila jioni kwa saa chache. Mchana ilizimwa, lakini Mama Zaituna alikataza mfuniko kufunguliwa ovyo na barafu ilivumilia mpaka jioni nyingine. Mara ya kwanza aliponipa kipande cha barafu mkononi nilikiangusha, nikadhani kimeniunguza. Zaituna, binti yake na rafiki yangu, alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye tulikuwa tukinyonya barafu ya maji na sukari mpaka midomo inakufa ganzi, katika baridi ile ile ya Butembo, na hakuna aliyetuuliza kama tuna akili.

Nyumba karibu zote za mtaa ziliweka kopo lao mle ndani. Mama yangu alikuwa na sheria zake, na Mama Zaituna alikuwa nazo vilevile. Nyama iliyotoka motoni haiingii kongelatere inatoa mvuke, maana itawatia joto wenzake walioganda. Kwanza iache ipoe, lakini isisahaulike nje siku nzima, isaidie kupoa kwa kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Igawe katika makopo madogo, kila kopo mlo mmoja, isijazwe yote katika ndoo moja ikaganda nje huku tumbo lake lina joto. Ikitoka, imetoka. Unaiamsha, mnaimaliza, na hairudi kulala mara ya pili. Wanawake hawa wawili hawakusoma mambo hayo popote. Waliyatoa kwa mama zao waliokausha nyama juu ya moshi, na chombo kipya kilipokuja wakakipa adabu ile ile ya zamani.

Na sisi tulikuwa tunacheza nzango. Wasichana wa siku hizi wanacheza na kidole gumba juu ya kioo, wamekaa, na jioni wanasema wamechoka. Sisi tulijipanga mistari miwili, tukapiga makofi na kuimba, wawili wakarukiana uso kwa uso na kutupa mguu mbele, na ukikosea mguu umekufa, toka. Vumbi la Bulengera lilipanda mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa bingwa, na sisemi hivyo kwa kujisifu, Zaituna yupo hai anaweza kushuhudia. Nilikuwa na miaka kumi, na hakuna kitu duniani nilichokitaka kama kushinda mtaa wa juu kwa nzango.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, wiki chache baada ya Bonane. Najua ni Alhamisi kwa sababu wamama wa kanisa walikuwa na mkutano wao, na mama aliondoka mchana akiwa amejifunga kitenge chake cha kikundi. Alikuwa amechukua kopo letu la mwisho kwa Mama Zaituna, likiwa gumu kama jiwe, akalikalisha jikoni.

"Masika, hii nyama uiamushe muzuri," aliniambia. "Iyeyuke kwanza, kisha ichemuke mpaka mu katikati. Na umupatie Mbusa chakula mbele hajalala."

Mbusa alikuwa mdogo wangu wa miaka minne. Alikuwa na tabia ya kutafuna kola ya shati lake, na alinifuata kila mahali huku ananiita "Yaya", yaani dada mkubwa, mara mia kwa siku. Nilimpenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu ya yale yanayofuata.

Niliweka nyama kwenye moto ikiwa bado imeganda. Huko nje makofi ya nzango yalikuwa yameanza, na mtaa wa juu walikuwa wamekuja. Mchuzi wa pembeni ulipoanza kutokota niliona inatosha. Katikati kulikuwa na bonge, nililibonyeza kwa kijiko, likakatika, na ndani niliona barafu. Niliiona kwa macho yangu. Nililigeuza upande wa pili, nikahesabu moja mpaka ishirini, nikalipakua juu ya bukari ya Mbusa, ule ugali wetu, kwa sababu nyama ya bonge lile ilikuwa laini na meno yake yalikuwa madogo. Alikula yote. Mimi sikula, nilikimbia. Tulishinda.

Mama aliporudi aliniuliza, "Uliamusha muzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka mu katikati?"

"Mpaka mu katikati."

Asubuhi yake Mbusa hakuniita Yaya. Alikuwa anatapika, kisha akaharisha, kisha akatapika maji matupu, na kufikia mchana macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Siku hiyo shangazi yetu, dada ya baba, alikuwa amefika kutoka Masereka na kikapu cha viazi. Alikiweka chini, akamtazama mtoto mara moja tu.

"Hii hapana ugonjwa," alisema. "Huyu mutoto bamemulisha sumu. Alikula kwa nani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wasomaji wa kwetu mnajua neno hilo lina uzito gani Kivu. Mahali pengine mtoto akitapika wanauliza amekula nini. Kwetu wanauliza amekula kwa nani. Nyama yetu ilikuwa imelala kwa nani? Kila mtu alijua. Hakuna aliyelazimika kulitaja jina.

Kabla ya kupelekwa kituo cha afya Mbusa alinyweshwa dawa ya majani ya kutapisha sumu, kana kwamba alikuwa hajatapika vya kutosha. Alifika kituoni akiwa amelegea kama kitambaa. Walimwekea serumu, maji ya kutundikwa, kwenye mkono, siku mbili hatukujua kama atabaki. Muuguzi, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwambia mama kwamba ni chakula kilichoharibika, jambo analoliona kila wiki. Mama aliitikia kwa kichwa kwa heshima, lakini hakumwamini. Mtu akiwa na hofu na jibu mkononi, ni vigumu kumpa jibu jingine.

Siku ya pili Mama Zaituna alikuja na uji ndani ya termosi. Alikuwa ametembea, hakupanda chochote, viatu vimejaa matope. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido. Mama alisimama mlangoni akamzuia.

"Rudi na uji yako," alimwambia. "Haukutosheka?"

Mama Zaituna alifungua mdomo. Nilimwona kabisa, alifungua mdomo kusema kitu, halafu akaufunga. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Kisha akageuka na termosi yake, akapita kati ya wagonjwa na watu wao waliokuwa wamesikia yote, na sikumsikia akicheka tena katika mtaa ule.

Mbusa alipona. Lakini katika wiki ile nyumba moja baada ya nyingine zilituma mtoto kwenda kuchukua kopo lao kwenye kongelatere. Zilisema kwa upole, eti tunapika leo, eti tuna wageni. Zaituna hakuitwa tena kwenye nzango. Bonane iliyofuata ng'ombe alichinjwa na mtu mwingine, na baada ya hapo familia ile ilihamia Beni. Niliwaona wakipakia. Kongelatere ilipakiwa ya mwisho kwenye lori lao, na mimi nilikuwa nyuma ya ua wetu, nimeshikilia miti ya ua kwa mikono miwili. Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema. Nilikuwa mwoga, basi, sina jina jingine la kujiita.

Ukubwa ukaja na mambo yake. Niliolewa, na ndoa ikanileta Beni. Mnaweza kudhani nilikwenda kumtafuta Mama Zaituna. Nilijua nyumba yake katika mwezi wa kwanza, na kwa miaka mingi nilikuwa nikizunguka mtaa mzima nisipite mbele ya mlango wake. Nikienda sokoni nilitanguliza macho kama mwizi. Mbusa, ambaye sasa ana biashara yake upande wa Manguredjipa na watoto watano, hakumbuki chochote. Kwake yote hayo ni hadithi ya familia: wakati nilipolishwa sumu na Waislamu. Aliisimulia hivyo mezani kwangu mara nyingi, kwa kicheko, na mimi nilikuwa namwongezea mchuzi.

Leo nina kongelatere yangu, na umeme unakuja zaidi ya unavyokatika. Binti yangu Neema ana miaka kumi na saba, na anadhani anajua kila kitu. Mwaka jana alikula kuku aliyekuwa amelala kwenye baridi siku kadhaa, na asubuhi yake tumbo likamgeuka. Si sana, alitapika mara tatu. Nilikwenda kumchemshia maji. Niliporudi alikuwa amelala kiubavu, simu mkononi.

"Mama, minajua ni nani," alisema. "Jana nilikunywa jus kwa jirani. Bamenilisha kitu."

"Na ile kuku uliiamusha?"

"Niliiweka dakika moja mu micro-onde. Mais mama, hapana kuku. Ni jirani."

Alikuwa ameshaliandika jambo hilo kwenye kundi la simu la familia, pamoja na jina. Watu kumi na wanne walikuwa wameshalisoma, na mmoja, Goma huko, alikuwa ameshauri dawa ya kutapisha. Nilisimama na kikombe cha maji na nikamsikia shangazi wa Masereka akisema kwa kinywa cha mtoto wangu mwenyewe. Nilimfuta uso, nikamwambia afute maneno yale mbele yangu na aandike kwamba amekula kuku asiyechemka. Alifuta kwa hasira. Kisha akaniuliza, kwa haki yake, "Mama, unajua namna gani hapana jirani?" Nilimpa kikombe cha maji, nikatoka.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Mama Zaituna. Zaituna ndiye aliyenifungulia mlango, akiwa na mvi pembeni, na alinitambua kabla sijasema. Hakunikumbatia. Aliniingiza sebuleni ambapo mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka, amekuwa mdogo sana, pengo la meno limekuwa mapengo.

"Mama, miye njo Masika. Wa Bulengera."

"Mbusa iko muzima?" aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka yote ile. Nilimwambia yuko mzima na ana watoto watano, akamshukuru Mungu mara mbili, polepole. Nikapiga magoti, nikasema yote kwa mkupuo nisije nikakimbia tena.

"Ile nyama sikuiamusha. Ilikuwa na barafu mu katikati, niliona na macho yangu. Nilimupatia Mbusa hiyo hiyo, juu ya kutaka kwenda kucheza. Kisha nilidanganya mama. Ulikuja na uji, nikanyamaza."

Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilitarajia anifukuze, na ingekuwa haki.

"Miye nilifikiria ni miye," alisema.

Sikuelewa. Akaeleza. Wiki ile kabla Mbusa hajaugua, lori la mumewe lilikuwa limekwama kwenye matope njiani kutoka mpakani, na mafuta ya grupu yalikwisha.

"Groupe ililala siku mbili," alisema. "Nyama yote iliyeyuka, maji ilijaa mu kongelatere. Kisha bwana alirudi, tukawasha, ikaganda tena. Nilipaswa kuambia bamama: mupike leo, hapana muache. Mais niliona haya. Bale bote baliniaminia makopo yabo. Donc nilinyamaza. Siku banasema sumu, roho yangu inaniambia: ni weye. Sasa ningejitetea na kinywa gani?"

Tulikaa hivyo, yeye na nusu yake, mimi na nusu yangu. Baadaye nilimuuliza muuguzi mmoja ninayesali naye hapa Beni. Alinifafanulia kwamba baridi haiui vijidudu, huvilaza tu, na nyama ikiyeyuka siku mbili vinaamka na kuzaana, ukiigandisha tena unalaza kundi kubwa zaidi. Kuchemsha mpaka katikati kunaua vingi, lakini vingine huwa vimeshaacha uchafu ambao hata moto hauutoi. Kwa hiyo huenda hata kama ningeiamsha sawasawa Mbusa angeugua. Huenda asingeugua kiasi kile. Hakuna ajuaye. Muuguzi alidhani ananifariji, nami sikutaka faraja hiyo. Nyama inaweza kuwa ilikuwa na makosa ya watu wawili, lakini kimya cha kwenye korido kilikuwa changu peke yangu.

Nilipoaga, Mama Zaituna alinishika mkono. "Muambie mama yako," alisema. "Miye hapana nataka pardon yako tu. Yeye alinifukuza mbele ya batu."

Nilikwenda Butembo. Mama yangu sasa ni mzee, anatembea na fimbo lakini bado anaagiza. Nilimwambia akiwa anachambua maharage uani, na aliendelea kuchambua mpaka mwisho wa maneno yangu. Halafu akasimamisha mikono.

"Miaka yote hii," alisema. "Ulikuwa unaomba na miye, unakula na miye."

"Ndiyo, mama."

"Nilimurudisha na uji yake, Masika. Alitembea na miguu."

Hakunipiga wala hakunilaani. Aliingia ndani akafunga mlango, na nilirudi Beni bila kuagwa. Wiki tatu hakupokea simu yangu. Zilikuwa wiki ndefu kuliko siku zile mbili za kituo cha afya, maana safari hii nilikuwa na umri wa kuelewa kinachoweza kupotea. Watu wawili wazee. Ningekuwa nimechelewa siku moja tu kwa mmoja wao, ingekuwa basi. Kisha simu ikalia, na mama hakusalimia.

"Njoo unichukue. Unipeleke kwa Mama Zaituna."

Nilikwenda naye siku chache baada ya Idi. Barabara ya Butembo na Beni siyo ile ya utoto wetu, tulipokuwa tukilala juu ya magunia na kuimba. Siku hizi mtu husali kabla ya kupanda gari, na husali tena akishuka. Njiani nilikuwa nafikiria jinsi tunavyopenda kusema enzi zetu zilikuwa bora. Watoto wetu wana umeme, wana vyombo vya kugandisha nyama mwezi mzima na vya kuitia moto kwa dakika, na hawajui kuiamsha. Hilo naweza kuwacheka. Lakini neno baya la Neema lilifika Goma kabla maji hayajachemka, na kabla hayajapoa lilikuwa limeshafutwa. Letu lilitembea kwa miguu mtaa mmoja tu, halafu lilikaa zaidi ya miaka thelathini. Nikiwa ndani ya gari lile sikuweza kusema ni kizazi kipi kilikuwa na bahati.

Zaituna alikuwa ametandika mkeka na kuweka chakula. Bukari, sombe ya majani ya muhogo, na nyama ya mbuzi ya Idi, iliyokuwa imepikwa, imegandishwa, na siku hiyo imechemshwa tena mbele ya macho yangu, kwa sababu nilifika mapema na kuingia jikoni kuchunguza bila aibu. Ilitokota mpaka katikati. Wazee wale wawili walikaa wakitazamana. Hawakukumbatiana. Salamu zao zilikuwa fupi, za watu wanaoogopa kuvunja kitu.

Kwetu, kwa sababu ya hofu hii ya sumu, mwenye nyumba huonja kwanza. Hufungua chupa mbele yako na kunywa funda la kwanza, huchota kwenye sahani na kula kabla ya kukukaribisha, ili uone. Ni adabu, kila mtu anafanya, wala hakuna anayeona uchungu wake. Mama Zaituna alichukua kijiko, akachota nyama na mchuzi, akakiinua taratibu kuelekea mdomoni kwake, macho yake yakiwa kwa mama.

Mama aliweka fimbo chini. Alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono kabla kijiko hakijafika, akakigeuza kijiko kile kikatazama upande wake. Akala yeye. Alitafuna polepole, kwa meno aliyobaki nayo, bila kumwachia mkono.

"Mama Zaituna," alisema, "nilikukosea."

Mama Zaituna alilia kwa sauti kama mtoto. Nami nililia, na Zaituna aligeukia ukutani. Mama hakulia. Alichukua kijiko, akachota tena, na alikula sahani ile yote peke yake, sisi tukimtazama, mpaka akapangusa mchuzi wa mwisho kwa tonge la bukari.